Asiyesikia la Mdogo

Somo: Matendo ya Mitume 27:9–44



Kila tunapokwenda kuwazika waliokufa kwa ajali, maneno mawili husemwa kabla ya jeneza kushushwa. La kwanza ni la wazee: ajali haina kinga. La pili huongezwa na mhubiri: kazi ya Mungu haina makosa. Watu huitikia, udongo hutupwa, na hakuna anayeuliza gari lile lilikuwa na breki za namna gani. Sisi tunaoandika haya tumeyasema maneno hayo mara nyingi, na mara moja tuliyasema kwa hila. Tutaungama jambo hilo kabla hatujaweka kalamu chini.

Twataka leo kuyapima maneno hayo kwa habari za ndege. Wengi wetu ndege twaiona tu ikipita juu ya mashamba, na huzungumza habari zake inapoanguka, kama ile iliyotumbukia katika Ziwa Victoria karibu na Bukoba, Novemba 6, 2022, wakafa watu 19. Lakini watu wa ndege wana desturi moja ambayo ingefaa waipate kwetu Kanisani, na sasa ni sisi tunaopaswa kuipata kwao. Hawakubali kwamba ajali haina kinga. Ndege ikianguka, huokota hata vipande vidogo, huuliza, hupima, kisha huandika waliyoyaona ili mataifa mengine wasome. Na kanuni ya mataifa yote juu ya uchunguzi huo yasema wazi kwamba shabaha yake ni kuzuia ajali nyingine, wala si kumtafuta wa kumlaumu.

Hapo Embakasi, Nairobi, Novemba 20, 1974, ndege kubwa ya Boeing 747 ya Wajerumani ilianguka mara tu ilipoinuka, ikiwa safarini kwenda Johannesburg. Kati ya watu 157 walikufa 59. Ilionekana kwamba vipande vya mbele ya mabawa vinavyoisaidia ndege kupaa havikuwa vimefunguka, kwa kuwa hewa inayoviendesha ilikuwa imefungwa, wala hapakuwa na onyo la kutosha la kuwajulisha marubani. Baada ya hapo ndege za namna ile ziliwekewa onyo. Je, wale 59 walikufa kwa kuwa Mungu alitaka hewa ifungwe? Hatuthubutu kusema hivyo.

Sasa tufungue somo letu. Mtume Paulo ni mfungwa, anapelekwa Rumi chini ya akida Yulio. Wamefika mahali paitwapo Bandari Nzuri, katika kisiwa cha Krete, na majira ya kusafiri baharini yamekwisha kupita. Paulo anawaonya kwamba safari hii italeta hasara ya shehena, ya merikebu na hata ya maisha yao. Akida anamsikiliza nani? Nahodha na mwenye merikebu. Nasi tusimhukumu upesi akida huyu. Nahodha alikuwa fundi wa bahari, na yule mwingine mali ilikuwa yake. Paulo alikuwa na nini ila minyororo? Tena upepo mwanana wa kusini ulivuma, wakadhani wamepata walichokitaka. Kisha ikaja tufani ya Eurakilo.

Miaka zaidi ya 1900 baadaye jambo hilohilo lilitendeka chini, juu ya njia ya lami. Machi 27, 1977, ilikuwa Jumapili ya tano ya Kwaresima. Bomu lililipuka katika kiwanja cha ndege cha Gran Canaria, katika visiwa vya Hispania vya Kanari, na ndege zilizokuwa zikienda huko ziligeuzwa kwenda kiwanja kidogo cha Los Rodeos katika kisiwa jirani cha Tenerife. Mbili kati yake zilikuwa Boeing 747: moja ya KLM ya Uholanzi yenye watu 248, nyingine ya Pan Am ya Marekani yenye watu 396. Zilingoja kwa saa kadhaa. Wakati wa kuondoka ulipofika, kiwanja kilikuwa kimejaa ndege hata ikazilazimu hizo mbili kupita juu ya njia yenyewe ya kurukia, moja nyuma ya nyingine. Kisha wingu likashuka. Marubani hawakuonana, na waongozaji waliokuwa mnarani hawakuiona hata moja.

Rubani mkuu wa ndege ya Uholanzi hakuwa mzembe. Alikuwa mwalimu wa marubani wa ndege za namna ile katika kampuni yake, na picha yake ilitumika katika matangazo ya kampuni. Msaidizi aliyeketi karibu naye alikuwa ametahiniwa na yeye huyohuyo muda si mrefu kabla ya hapo. Sisi tuliopita Chuo cha Ualimu twajua jambo hilo lina uzito gani, kumwambia mtu aliyekutahini kwamba amekosea! Tena palikuwa na haraka, kwa sababu sheria mpya za nchi yake ziliweka mpaka mkali wa saa za kazi, na muda ulikuwa ukiyoyoma.

Alipoigeuza ndege mwisho wa njia, alianza kuisukuma. Msaidizi akamkumbusha kwamba mnara haujatoa ruhusa. Akasimama, mara hiyo alisikia. Maneno yaliyofuata kutoka mnarani yalihusu njia watakayoishika wakiwa angani tu, hayakuwa ruhusa ya kuruka. Lakini msaidizi alipokuwa bado anayarudia kwenye redio, ndege ilikwisha kuanza kwenda, naye hakumzuia mkubwa wake mara ya pili. Mnara ukawaambia wangoje. Wakati uleule Wamarekani wakatangaza kwamba wangali njiani. Sauti mbili zikagongana katika redio moja, na Waholanzi wakasikia mlio wa mluzi.

Hata hapo mlango haukuwa umefungwa. Neno lingine la Wamarekani lilisikika, na mhandisi wa ndege, aliyeketi nyuma ya marubani, akauliza kama basi yule Mmarekani hajatoka njiani. Rubani mkuu akajibu kwa mkazo kwamba ametoka. Mhandisi hakuuliza tena. Haikupita nusu dakika ndege hizo ziligongana. Walikufa watu 583: wote 248 wa ndege ya Uholanzi, na 335 wa ile ya Marekani. Ajali kubwa kuliko hiyo haijatokea katika habari za safari za ndege hata sasa.

Ndugu zangu, lile swali la mhandisi limetukosesha usingizi. Alikuwa na neno la kuwaokoa watu mdomoni mwake, akalitoa, tena kwa adabu. Akajibiwa na mkubwa, akalimeza.

Watu wa ndege hawakusema kwamba kazi ya Mungu haina makosa. Walibadili maneno ya redio, hata leo neno la kuruka halitamkwi ila wakati wa kuitoa au kuifuta ruhusa yenyewe. Na tangu mkutano ulioitishwa na NASA ya Marekani mwaka 1979, walianza kuwafundisha marubani wakuu kusikiliza, na wadogo kusema, na kusema tena wasiposikiwa. Wazee wengine katika kazi hiyo waliyacheka mafundisho hayo. Lakini Julai 19, 1989, ndege ya DC-10 huko Marekani ilivunjikiwa injini ya nyuma angani, ikapoteza nguvu zote za kuendeshea usukani. Rubani mkuu Al Haynes hakujifanya ajua. Abiria mmoja, mwalimu wa marubani, alipojitolea kusaidia, alikaribishwa mbele akapewa kushika vidhibiti vya injini. Waliifikisha hivyo mpaka kiwanja cha Sioux City. Ilivunjika ilipotua, lakini kati ya watu 296 waliokoka 184. Haynes mwenyewe alieleza baadaye kwamba mafunzo yale ndiyo yaliyowasaidia.

Naye akida Yulio alijifunza. Soma mpaka aya ya 31. Malaika amekwisha kumwahidi Paulo kwamba hakuna hata mmoja atakayepotea. Tungekuwa sisi, tungekaa tukaimba. Lakini mabaharia walipotaka kutoroka na mashua, Paulo alimwambia akida kwamba hao wasipobaki, wengine hawataokoka. Safari hii akida hakwenda kumwuliza nahodha. Askari walizikata kamba za mashua, ikaanguka baharini, na watu wote 276 wakafika nchi kavu ya Melita. Angalieni basi: ahadi ya Mungu ilikuwapo, na bado kamba zilihitaji kukatwa. Anayesema "Mungu atatulinda" huku ameziba masikio, huyo hamtumaini Mungu, anamtegea.

Pana habari nyingine inayotuhusu Waanglikana kwa karibu. Mchungaji Hubert Warren alikuwa mmisionari wa CMS kaskazini mwa Australia, chama kilekile kilichohubiri Injili Ugogo na sehemu nyingi za nchi yetu. Oktoba 1934 alipanda ndege kutoka kisiwa cha Tasmania, ndege ikapotea baharini, wala haikujulikana kwa hakika ni nini kilichoipata. Aliacha mwana wa miaka tisa, David. Zawadi ya mwisho aliyompa ilikuwa redio ndogo, na mtoto akaipenda kazi ya redio. Alipokuwa mtaalamu, katika miaka ya 1950, David Warren alibuni chombo cha kunasa sauti za marubani ili wafu waweze kutuambia kilichotokea. Ndicho hiki kiitwacho kisanduku cheusi, ingawa hupakwa rangi ya machungwa kisipotee machoni. Mwanzoni marubani wengine walikikataa, wakiona ni upelelezi. Nani apendaye maneno yake yahifadhiwe?

Katika ibada tunaungama kila Jumapili, lakini kwa maneno ya jumla yanayomfaa kila mtu na yasiyomchoma yeyote. Basi tufungue kisanduku chetu.

Mwaka 1996 tulikuwa tumeshika ualimu mkuu wa shule moja ya msingi. Siku ya mashindano ya kwaya tuliazima lori. Asubuhi utingo, kijana wa miaka kama 17, alitoka uvunguni mwa lori, nguo zimejaa mafuta, akasema: "Shikamoo, Mwalimu. Samahani, Mwalimu, breki za nyuma zinavuja. Tungemngoja fundi, atafika saa nne." Mashindano yalikuwa saa tatu. Dereva aliinamisha macho. Tulimjibu kijana mbele ya watoto: "Wewe umeishia darasa la ngapi?" Watoto wakacheka. Akapanda nyuma, akanyamaza.

Katika mteremko wa pili breki hazikushika. Dereva alilielekeza lori kwenye ukingo wa shamba, likalala ubavu. Hakufa mtu, nasi tulimshukuru Mungu kwa sauti kubwa. Mvulana mmoja wa darasa la tano aliangukiwa na ubao wa pembeni, mguu ukavunjika mahali pawili. Mfupa uliunga vibaya, naye anachechemea hata leo. Katika kikao cha wazazi tulisimama tukasema, ajali haina kinga. Wa kwanza kuitikia alikuwa mama yake.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Methali hiyo tuliiandika ubaoni miaka na miaka, na watoto waliinakili kwa hati nzuri. Siku ile asiyesikia alikuwa mkuu, na guu lililovunjika halikuwa lake.

Hatuandiki haya ili wadogo wawadharau wakubwa. Eli alikuwa kuhani mzee, na Bwana alimpa mtoto Samweli neno zito juu yake. Samweli aliogopa kulisema. Ni Eli aliyemlazimisha asimfiche hata neno moja. Huo ndio ukubwa. Hapa kwetu kijana akiuliza hesabu za fedha za ujenzi, twamwambia angoje akue. Mke akisema nyumba haina chakula, aambiwa anamwaibisha mume. Na mtoto asemaye kwamba hataki kuachwa peke yake na ndugu fulani wa nyumbani, aambiwa ana adabu mbaya. Hilo la mwisho, wazazi, tunawasihi mlisikie leo jioni.

Mwaka jana tulimtafuta yule utingo. Sasa ni dereva, naye ameota mvi. Tulimwomba msamaha, akatusamehe, kisha akasema jambo ambalo hatukulitazamia: "Mwalimu, nami nilipaswa kukataa kupanda. Wangeshuka watoto wangu, ningelala chini ya magurudumu."

Ndipo tulipokwenda kwa mama wa yule mvulana. Ametupa ruhusa ya kuyaandika haya, tusitaje jina. Alitusikiliza akiendelea kuchambua mchele. Tulipomaliza, alitaka kujua maneno hasa aliyoyasema utingo, na hasa tuliyomjibu, tukayarudia yote. Alikaa kimya kitambo kirefu. Kisha akasema kwamba miaka yote hiyo alimgombeza mwanawe kwamba aliketi pembeni kwa ukaidi, na kwamba mguu wake ni malipo ya kutosikia. Naye mtoto aliamini hivyo.

Akaweka ungo chini, akamwita mwanawe aliyekuwa nyuma ya nyumba, akatuambia tuyaseme tena mbele yake.