Mvinyo Mlangoni pa Hema: Neno kwa Waendeshao Motokaa



Neno la mwezi huu limo katika Walawi, sura ya 10, aya ya 8 hata ya 11. Kila msomaji na afungue Biblia yake, alisome kwanza pasipo haraka, kisha arudi kwetu.

Tuangalie ni siku gani neno hili lilinenwa. Nadabu na Abihu, wana wa Haruni, walikuwa wamekwisha kufa mbele za Bwana kwa sababu ya moto wa kigeni. Maiti zao zimechukuliwa nje ya marago, na baba yao amenyamaza kimya. Ndipo Mungu aliponena na Haruni mwenyewe, akamkataza yeye na wanawe mvinyo na kileo waingiapo katika hema ya kukutania, wasije wakafa. Wako waalimu wa kale waliodhani ya kuwa vijana wale walikuwa wamelewa. Neno lenyewe halisemi hivyo, nasi tusiliongeze. Lakini jambo moja li wazi. Amri hii haikutolewa kwa Israeli wote. Mkulima alikunywa divai ya mizabibu yake, na Zaburi ya 104 yaitaja divai miongoni mwa vipawa vya Mungu. Hata Haruni hakukatazwa siku zote. Alikatazwa aingiapo kazini, na sababu ni kazi yenyewe: yampasa kupambanua kilicho kitakatifu na kisicho kitakatifu, na makutano waliosimama nje hawana njia ya kumwona wala kumsahihisha akikosea. Wamemtumaini tu.

Basi tutoke jangwa la Sinai, tuje Nyamwage. Nyamwage iko kusini ya mto Rufiji, katika barabara itokayo Kibiti kwenda Lindi na Mtwara, hapo itengapo njia ya Utete. Wasomaji wenye umri wakumbuka kivuko cha Ndundu. Kila motokaa ilisimama pale kungoja zamu. Dereva akashuka, akanawa uso, akajinyosha kivulini. Mwaka 2003 likafunguliwa Daraja la Mkapa, urefu wake mita 970, nasi twamshukuru Mungu kwa ajili yake, maana wagonjwa wengi wamevuka salama. Lakini mto ule ulikuwa msimamizi asiyelipwa mshahara: ulimlazimisha dereva kupumzika, apende asipende. Sasa lami yamchukua moja kwa moja. Kutoka Dar es Salaam hata Mtwara ni kilomita zipatazo 560, na malori ya saruji na ya korosho hupita Nyamwage mchana na usiku, pamoja na magari ya abiria, wala hakuna maji ya kuwazuia.

Serikali yetu imeweka sheria ya usalama barabarani tangu mwaka 1973. Mtu aendeshaye motokaa yake mwenyewe huhesabiwa kuwa na hatia kilevi kikizidi miligramu 80 katika mililita 100 za damu. Lakini aendeshaye kwa biashara, mwenye kuchukua watu na mali za watu, kadiri yake ni sifuri. Wako madereva wanaonung'unika kwamba hukumu hizi mbili si sawa. Ndugu, someni tena Walawi. Mkulima ana divai yake, na Haruni aingiapo hemani ana sifuri. Aliyekabidhiwa roho za watu 50 waliosinzia nyuma yake hawezi kupimwa kwa kipimo cha mtu aliye peke yake.

Tena kipimo chenyewe si uchawi. Dereva hupuliza katika mrija. Hewa itokayo ndani ya mapafu hubeba kilevi kwa kadiri kilivyo katika damu, na chombo huonyesha tarakimu. Askari wa barabarani hukitumia vituoni asubuhi, kabla magari hayajaondoka, na wengi hushangaa wakikamatwa, kwa kuwa hawakunywa siku ile. Na tuifanye hesabu, maana ujinga wa hesabu hii umewaponza watu wema. Chupa moja ya bia ya mililita 500, yenye kilevi asilimia 5, ina gramu 20 hivi za kilevi. Mwili wa mtu mzima huondoa kama gramu 8 kwa saa, pengine pungufu. Mtu akianza saa 2 usiku akanywa chupa 6, amejitia gramu 120. Zitahitaji saa 15 kumtoka. Saa 12 alfajiri, akikamata usukani, angali na gramu 40 mwilini. Damu yake haitakuwa safi kabla ya saa 5 mchana. Kahawa kali haiharakishi. Maji ya baridi hayaharakishi. Na uraka wa mabibo au gongo, ambavyo hakuna aliyeandika kiasi chake juu ya chupa, hesabu yake nani aijuaye?

Liko nung'uniko jingine, nalo lina uchungu zaidi. Mtu husema: Mimi nimeendesha miaka 20, ni mzee wa kanisa, nina wajukuu, leo kijana asiyeota ndevu aniambia, Puliza hapa, kana kwamba mimi ni mwizi. Twamhurumia, maana heshima ya mtu mzima si kitu kidogo. Lakini lori lake hupimwa mizani njiani, wala halimtusi. Na mwenye duka mwaminifu hachukii jiwe la ratili. Haruni alikuwa kuhani mkuu, tena ana msiba wa wana wawili, na amri ile aliambiwa yeye kwanza. Wapimwapo wote, hakuna aliyetuhumiwa. Aibu huanza pale mkubwa apitishwapo na utingo asimamishwapo.

Jirani zetu Waislamu, ambao ndio wengi katika Rufiji, hukatazwa pombe siku zote na mahali pote. Wakimwona Mkristo ameshika usukani naye anukia pombe, msitazamie wasikilize mafundisho yetu juu ya uhuru wa Injili.

Hata hivyo tusidhani ya kuwa mrija wajua yote. Mrija hauijui bangi, wala hauyajui mirungi, ambayo dereva huyatafuna ili asilale. Hayo hutafutwa kwa mkojo au kwa damu, na vyombo vyake si vya kila kituo. Sheria ya mwaka 2015 yahesabu mirungi kuwa dawa ya kulevya, ingawa kwa ndugu zetu wa Kenya ni zao la halali. Lakini ulizeni: Kwa nini mtu huyu hataki kulala? Mara nyingi ni kwa sababu bwana wake humlipa kwa safari, wala si kwa siku, wala hakumpa mwenzake wa kupokezana. Bwana ampimaye dereva asubuhi, kisha akampa kazi ya watu wawili, amepima pumzi ya mwingine na kuisahau dhambi yake mwenyewe. Yakobo, sura ya 5, amewaandikia mabwana wa namna hiyo, nao wasome.

Katika Marekani, mwezi wa Januari 1987, magari ya moshi yaligongana huko Maryland, wakafa watu 16; wenye kuendesha injini iliyopita ishara walikuwa wamevuta bangi. Mwaka 1991 ikatoka sheria ya kuwapima madereva wa kazi: kabla ya kuajiriwa, baada ya ajali, na kwa kushtukizwa pasipo taarifa. Aonekanaye na hatia huondolewa usukanini papo hapo. Lakini mlango haufungwi. Huchunguzwa na mtu mwenye ujuzi wa mambo hayo, hutibiwa, hupimwa tena. Naye akirudi kazini hupimwa ghafula si chini ya mara 6 katika miezi 12. Shirika la Kazi la Kimataifa nalo, katika miongozo yake ya mwaka 1996, lilishauri ulevi kazini uangaliwe kama ugonjwa, na siri ya mgonjwa itunzwe. Sisi tulio na Wagalatia, sura ya 6, tungeweza kuwatangulia wote hao.

Sasa neno kwa wazee na waalimu wa mitaa. Siku mkodipo gari la kuipeleka kwaya mkutanoni, au arusini, ninyi ndinyi mabwana wa kazi siku ile. Mwulizeni mwenye gari: Dereva amelala saa ngapi? Amepimwa? Mkifika, mpeni dereva chai, chakula na mahali pa kulala; arusini msimpelekee chupa kwa ukarimu, kisha mkamwambia awarudishe watoto usiku. Katika amri ya tano, Luther, katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, hakutosheka na kukataza kuua. Alitaka tumsaidie jirani katika haja zote za mwili wake. Na abiria amwambiaye dereva akanyage mafuta ana sehemu yake katika amri hiyo.

Tena ikiwa dereva wa sharika yenu amepatikana na kilevi, jina lake lisitajwe mimbarini. Wala msimwendee bwana wake kwa siri kumwombea arudishwe usukanini kesho yake, ati kwa kuwa ana watoto. Watoto wake wangojea chakula. Watoto wa abiria wangojea baba zao. Waende wazee wawili kwa yule bwana, wamwombe ampe kazi ya gereji au ya ghala mpaka mganga aseme amepona. Mwalimu na afuatane naye hospitali, asimwache aende peke yake. Nao wanawake wa kanisa wamtazame mke wake mwisho wa mwezi, kwa maana mshahara utakuwa umepungua, naye huenda asiseme.