Siri kwa Mtu wa Mbali

Katika Nyanda za Juu Kusini, tangu Iringa hata Mbeya, ni ada ya miaka mingi mtoto kutolewa kwa wazazi wake akapelekwa kukaa kwa ndugu au kwa watu wa mjini, ati akasome, na aghalabu kusoma kwenyewe kukaishia katika kufua nguo na kubembeleza watoto wa wenye nyumba. Na huko Dar es Salaam, mtu akitafuta msichana wa kazi, jina la Iringa humjia kinywani kabla hajamaliza kueleza haja yake. Nami nililelewa hivyo, katika nyumba iliyokuwa na chakula cha kutosha na fimbo zaidi ya chakula. Mengine yaliyonipata humo sitayaandika, kwa kuwa gazeti si mahali pake.

Masaibu ya namna hiyo, yanayomrudia mtoto miaka nenda miaka rudi mikononi mwa watu ambao hana pa kukimbilia ila kwao, hayafanani na hofu ya aliyenusurika ajali ya basi mlimani Kitonga. Judith Herman, tabibu wa maradhi ya nafsi wa Marekani, aliipambanua tofauti hiyo mwaka 1992. Hata hivyo ilipita takriban miaka 30 kabla Shirika la Afya Duniani halijakipa kiwewe cha aina hii nafasi yake katika orodha ya magonjwa iliyoanza kutumika Januari 2022, ikielezwa kwamba, fauka ya jinamizi, kukwepa na kushtuka ovyo, mgonjwa hashindi ghadhabu wala huzuni yake, huiona nafsi yake haina thamani, na kukaa karibu na watu humwia vigumu. Niliposomewa sifa hizo na mtaalamu wa saikolojia ninayemwendea Mbeya, nilidhani kapewa habari zangu na jirani.

Huulizwa kwa nini nipande basi Iringa, nipite Mafinga na Makambako, nikamweleze mtu baki mambo ambayo shangazi na mzee wa kanisa wangeyasikiliza bure. Hao ni watu wema, lakini kila mmoja ana upande wake katika ukoo, na nasaha zao huanza na neno “samehe” kabla hawajajua kilichotendeka. Huyu wa Mbeya hana upande, na siri kwake ni amana ya kazi.

Nilikwenda nimejiandaa kumwaga yote siku ya kwanza, akanizuia. “Taratibu, dada yangu,” akasema, “kwanza ulale usiku.” Basi kwa muda mrefu hatukuzungumza ila usingizi, pumzi, na namna ya kuikanyaga sakafu kwa nyayo zote mbili pindi fadhaa inaponipanda, hata nikaanza kuona kuwa nauli yangu inapotea.

Ndipo akatandaza kamba sakafuni. Tadbiri hii imetoka kwa wanasaikolojia wa Konstanz, Ujerumani, na ilijaribiwa Nakivale, Uganda, miongoni mwa wakimbizi wa Rwanda na Somalia: kamba ni umri wako, jiwe huwekwa penye baya, ua penye jema, na ncha moja huachwa imeviringwa kwa ajili ya siku zijazo. Kisha husimuliwa kila kimoja kwa zamu yake, naye mtaalamu huandika, na mkionana tena hukusomea umsahihishe. Mawe niliyatarajia. Sikutarajia kulia kwa sababu ya ua, nilipomkumbuka mama muuza maandazi aliyekuwa akiniita kwa jina langu, ilhali katika nyumba ile nilikuwa “wewe”.

Limebaki jambo moja. Mama yangu yu hai, na hajui. Nimemwuliza mtaalamu, tena na tena, kama nimwambie, naye hukataa katakata kunijibu, akisema shauri hilo ni langu. Mwanzoni jambo hilo lilinikera sana, kwani nilikuwa nimezoea kuamuliwa.