Mama Mwenye Watoto Wachanga na Masomo ya Uuguzi

Twaliletewa suala katika darsa yetu ya usiku, nalo limetukalisha mikesha mitatu pasi na kulimaliza. Mwanamke mmoja wa hapa mjini Mombasa ana watoto watatu: wa kwanza ana miaka 7, wa pili ana miaka 4, na kitinda mimba ana miezi 14, angali ananyonya. Amepata nafasi ya kusomea uuguzi. Masomo ya stashahada ni ya miaka 3, na ndani yake mna zamu za hospitali, za mchana na za usiku. Mumewe, ambaye ni mwenzetu katika darsa, ameridhia. Mwanamke huyu hakutuuliza kama jambo hili ni halali. Hilo, asema, alikwisha kulijua. Alilouliza ni hili: je, nikenda nitakuwa nimewadhulumu wanangu? Na nisipokwenda, nitakuwa nimemdhulumu nani?

Twapenda wasomaji wetu walitazame vyema neno lake la mwisho, kwani ndilo lililotutia katika fikira.

Jawabu ya kwanza ilitoka kwa mzee wetu mmoja, mtu mwenye hishima na busara. Alisema mshika mbili moja humponyoka, na mtoto ni amana. Wengi waliitikia kwa vichwa. Nasi hatumdharau mzee wetu, kwani alisemalo lina kweli ndani yake, na tutalirejea. Lakini kijana mmoja aliuliza jambo ambalo halikupata jawabu usiku ule. Katika mitaa yetu, alisema, ni kina mama wangapi huamka kabla ya alfajiri wakakanda unga wa mahamri na kupika mbaazi, wakauza kabla jua halijapanda, na mtoto yuko mgongoni au amelazwa juu ya jamvi kando ya moto? Wangapi hushona kofia mpaka macho yakaingia kiza? Hakuna aliyeleta suala juu yao katika darsa. Hatukuwahi kumwambia mwuza mahamri kwamba ameshika mbili. Basi imekuwaje tukaikumbuka haki ya mtoto siku ile mama alipotaka kusoma?

Hapo twaliona haya kidogo, na ilitupasa.

Wako waliotaka kulifunga jambo kwa upande wa pili, kwa wepesi ule ule. Walimtaja Rufaida wa kabila la Aslam, aliyekuwa na hema katika msikiti wa Madina akiwatibu majeruhi, na ndimo alimowekwa Saad bin Muadh alipojeruhiwa katika vita vya Khandaki. Walimtaja na Ummu Atiyya, aliyetoka na Mtume (s.a.w.) katika vita saba, akipika chakula na kuwauguza wagonjwa. Khabari hizi zimo katika vitabu vya sira na hadithi, na zawatosha wale wanaodai kwamba kuuguza ni kazi ngeni kwa mwanamke wa Kiislamu. Muulizaji wetu hazimtoshi. Kisa cha Rufaida hakimbembelezi mtoto wa miezi 14 saa nane ya usiku.

Sisi twaona kwamba asili ya jambo imo katika mlango wa fardhi kifaya. Kila aliyesoma chuoni anajua kwamba sala ya jeneza ikisaliwa na baadhi ya watu, waliosalia wamesalimika. Isiposaliwa na yeyote, mji mzima una dhambi. Imamu Ghazali, katika kitabu chake cha Ihyaa, aliutia utabibu katika fardhi za namna hii, akawalaumu watu wa zama zake kwamba miji ilikuwa haina tabibu Mwislamu hali watu wanasongamana katika elimu ya fikihi na mabishano yake. Maneno hayo yamepita miaka 900, nasi tukiyasoma twajiona wenyewe ndani yake.

Maana sisi watu wa pwani tuna tabia moja ya ajabu. Twataka wake zetu na binti zetu wazalishwe na mwanamke, tena awe mpole, ajue lugha yetu, amsitiri mgonjwa pasi na kuambiwa. Mwanamke aliyeona kivimbe katika ziwa lake huweza kunyamaza mwezi baada ya mwezi kwa kuchelea kutazamwa na mwanamume, na sisi twaijua khofu hiyo na twaiheshimu. Mwaka 2013 serikali iliondoa malipo ya kujifungua katika hospitali zake, na wanawake wengi zaidi wakenda kuzaa huko. Mwaka 2017 wauguzi wa serikali waligoma kwa karibu miezi mitano, na kila nyumba iliyokuwa na mja mzito ikaijua thamani yao. Basi muuguzi mwanamke twamtaka sana. Ila twapenda awe binti wa watu wengine, alelewe na kusomeshwa kwa taabu ya watu wengine, kisha aje atuhudumie sisi.

Hapa ndipo tuonapo kwamba suala limeelekezwa kwa mtu asiyestahili kuulizwa peke yake. Ikiwa kuuguza ni wajibu wa mji mzima, basi mmoja akijitolea kuuchukua, waliosalia hawakuachiwa wakae barazani wakimpima. Katika maziko, anayekosha maiti, anayekata sanda, anayechimba kaburi na anayechukua jeneza, wote wamo katika kazi moja, wala hatumwambii mkoshaji atafute mwenyewe maji na sanda. Hali kadhalika nyanya anayempokea mjukuu asubuhi, mavyaa anayepika chakula cha mchana, jirani anayempeleka mtoto chuoni, na mume anayeamka usiku mtoto akilia, nao wamo katika uuguzi ule. Wakikataa haya yote, na mama akaelemewa, haitakuwa haki kusema ni yeye aliyeshika mbili.

Tumrejee sasa mtoto, kwa sababu yeye hana sauti barazani. Qur'ani imetaja kunyonyesha miaka miwili kamili kwa anayetaka kuutimiza muda huo; imekataza mama kutiwa dhara kwa sababu ya mtoto wake, na baba kadhalika; kisha ikaruhusu mtoto aachishwe kabla yake iwapo wazazi wawili wameridhiana na kushauriana. Shirika la Afya Duniani nalo lashauri mtoto apewe maziwa ya mama peke yake kwa miezi 6, kisha ayaendeleze pamoja na vyakula vingine mpaka miaka 2 na zaidi. Sheria ya Afya ya 2017 imewataka waajiri waweke mahali pa kunyonyeshea. Lakini mwanafunzi si mwajiriwa, na asiende kwa kudhani kwamba atapakuta tayari.

Basi huyu kitinda mimba amebakiwa na miezi 10. Ikiwa nyumbani hapana wa kumshika, na mama akaona bora angoje mwaka mmoja, hatumwoni kuwa amerudi nyuma. Nafasi huenda isipatikane tena kwa wepesi. Hilo ni kweli, tena linauma. Lakini utoto wa mtoto huyu nao hauji mara ya pili. Mambo mawili haya hatuwezi kuyapima sisi kwa mizani ya kitabu, na anayejua uzito wake ni yule anayemlaza mtoto kila usiku. Twalikubaliana kwamba neno la mwisho ni lake, akishauriana na mumewe.

Liko jambo moja tulilolisemea kwa ukali. Njia iliyo nyepesi katika mji huu ni kumleta msichana wa kazi kutoka kijijini. Akiwa ni mtu mzima, akalipwa ujira wake na kupewa siku yake ya mapumziko, hapana neno. Lakini kama ana miaka 13, na ameachishwa skuli ili mke wetu apate kusoma, basi dhulma tuliyoikhofia kwa mtoto wetu tumeipeleka kwa mtoto wa maskini. Hakuna fardhi inayotimizwa hivyo, na mwenye kufanya hivyo asilete Ihyaa mbele yetu.

Tena yafaa yazungumzwe mapema yatakayokuja baada ya miaka hiyo 3. Cheti si kazi. Wako wauguzi waliohitimu na kusajiliwa wakakaa bila ya ajira, hata mwaka 2021 Kenya ikapatana na Uingereza kwamba wauguzi wasiokuwa na kazi waende wakatumike huko. Mama huyu akihitimu, na mlango ulio wazi ukawa wa ng'ambo tu, mume na watoto watasemaje? Afadhali jambo hili litamkwe leo, watu wamekaa kwenye jamvi, kuliko kutamkwa siku ya safari. Nasi tuliosema kwamba ameichukua fardhi ya mji, tutakuwa na haki gani ya kumzuia ikiwa mji haukumpa kazi? Jawabu ya hili hatukuipata, na msomaji aliye nayo atuletee.

Usiku wa tatu, baada ya maneno yetu yote, yule mwenzetu mwenye mke alituuliza kama darsa ya Jumatano yaweza kuletwa mbele, kabla ya Magharibi. Mkewe akishika zamu, alisema, yeye ndiye atakayewalaza watoto baada ya Isha. Aliyekuwa wa kwanza kukubali ni mzee wetu, yule wa mshika mbili, ingawa ndiye akaaye mbali kuliko sote. Kwa hiyo kuanzia Jumatano ijayo darsa itakuwa saa kumi na moja ya jioni. Wenye maduka wametuomba tusianze kabla ya hapo.