Mpanda Farasi Asiye na Ujira

Katika uwanja wa mbio farasi wawili husimama bega kwa bega wakingoja ishara. Juu ya farasi wa kwanza ameketi mtu ambaye kazi hii ndiyo chakula chake. Akishinda au akishindwa, ujira wa kupanda ni haki yake. Juu ya farasi wa pili ameketi mtu wa ridhaa. Huyu hana ujira. Ana shughuli nyingine imlishayo, na pengine ametoa fedha zake mwenyewe ili apate kuwapo pale. Viunzi vilivyo mbele yao ni vile vile, na ardhi huwapokea waangukao bila ya kuuliza nani amelipwa na nani hakulipwa. Watu hupenda kumsifu wa pili kuliko wa kwanza. Husema kwamba mapenzi yake ni safi, kwa kuwa hapana aliyemnunua. Sifa hiyo ni tamu, walakini yafaa ipimwe kabla ya kupokewa. Je, mtu asiyelipwa hana deni? Na mtu huyo akijiunga na chama cha wapanda farasi wa ridhaa, huwa amejifunga kwa jambo gani?

Nchini Uingereza tofauti kati ya watu hawa wawili ni ya zamani, na mpaka leo huonekana katika karatasi ya mashindano. Jina la mpanda farasi wa ridhaa hutanguliwa na neno la heshima, kama vile Bwana au Bibi, hali jina la mwenzake wa kulipwa huandikwa tupu. Alama hiyo ni ndogo, lakini asili yake ni ndefu. Katika karne ya 19 ridhaa haikuwa habari ya mapenzi peke yake. Ilikuwa habari ya daraja. Katika mchezo wa kupiga makasia, kanuni zilizotungwa Henley mwaka 1879 zilimkataa fundi na kibarua asihesabiwe kuwa mtu wa ridhaa, hata kama hajapata kupokea senti moja kwa mchezo wenyewe. Kosa lake lilikuwa kutumia mikono yake kupata riziki. Basi neno lililodai kuwa la mapenzi liligeuzwa kuwa ua la kuwazuia maskini.

Walakini ua lile lile lilipata kuwa mlango. Wanawake waliokuwa wamezuiwa kushindana chini ya kanuni za mbio za Uingereza walifunguliwa njia mwaka 1972, na mashindano yao ya kwanza yalikuwa ya ridhaa. Mwaka 1977 Charlotte Brew, mpanda farasi wa ridhaa, akawa mwanamke wa kwanza kushiriki katika Grand National, mbio kubwa za viunzi zifanywazo Aintree karibu na Liverpool. Farasi wake alikataa kuruka kiunzi karibu na mwisho, hata hivyo mlango haukufungwa tena. Rachael Blackmore, aliyeshinda mbio hizo mwaka 2021, alianza safari yake katika ridhaa kabla ya kuingia katika kazi ya kulipwa.

Historia hii yafunza kwamba kukosa ujira si uchafu wala si utakatifu. Wahenga walinena kuwa kazi mbaya si mchezo mwema. Nao walijua kwamba mtu afanyaye kazi ili watoto wake wale hana haja ya kuona haya mbele ya mtu achezaye ili moyo wake ufurahi. Thamani ya mpanda farasi wa ridhaa, kama anayo, hapana budi itafutwe mahali pengine.

Yuko atakayeuliza kwa nini mapenzi yahitaji chama. Apendaye kuimba huimba, na apendaye kuvua hushika mshipi akaenda pwani. Lakini apendaye kushindana juu ya farasi hawezi kwenda peke yake. Hupimwa na daktari, hupata mafunzo, huomba kibali kwa wenye mamlaka ya mbio, hupimwa uzito kabla ya mbio na baada yake, na huwa chini ya wasimamizi wawezao kumwadhibu. Chama humsemea mbele ya mamlaka hayo, na husaidia kupatikana kwa mashindano ya watu wa hali yake. Hata kati ya mataifa, tangu mwaka 1955 wapanda farasi wa ridhaa wana shirikisho lao, Fegentri, liwakutanishalo watu wa nchi mbalimbali. Mambo yote haya ni ya lazima kwa sababu moja: mapenzi ya mtu huyu hayamhusu yeye peke yake.

Kwanza yamhusu mwenzake wa kulipwa. Mwenye farasi akipata mtu wa kumpanda bure, mwenye kudai ujira aweza kuonekana ghali. Hivyo ukarimu wa aliyeshiba waweza kuwa njaa ya mwingine, wala mkarimu asijue. Ndiyo maana ni jambo la haki kuwapo mashindano ya ridhaa peke yake, na kuwapo mipaka kwa mtu wa ridhaa aingiapo katika mashindano ya wote. Mipaka hiyo si dharau kwa mapenzi yake. Ni heshima kwa jasho la mwenzake.

Pili yawahusu wote walio nyuma yake na pembeni mwake. Mtawala wa Alburquerque, mwungwana wa Hispania, alipenda Grand National kuliko mifupa yake. Aliingia mara ya kwanza mwaka 1952 akaumia, akarudi tena na tena kwa miaka mingi, na mwaka 1974 alimaliza wa nane. Mwaka 1976 alianguka vibaya mno. Baadaye hakuruhusiwa kushiriki tena, kwa ajili ya usalama wake. Mtu aweza kumwonea huruma na kusema kuwa mwili ulikuwa wake na hatari ilikuwa yake. Lakini mpanda farasi aangukaye mbele ya kundi huwa kiunzi kisichotarajiwa kwa wengine. Hatari aliyoichagua mmoja hugawanywa kwa watu wasioichagua. Uhuru wa mtu juu ya mwili wake ni kitu kikubwa, walakini katika mbio haupati kuwa wake mtupu.

Tatu ndilo jambo zito kuliko yote, na mfano wake ulionekana mwaka 2022. Sam Waley-Cohen, mfanyabiashara na mpanda farasi wa ridhaa, alikuwa ametangaza kwamba Grand National ya mwaka ule ingekuwa mbio zake za mwisho. Alimpanda Noble Yeats, farasi wa baba yake, ambaye wachache walimtumaini, akashinda. Ulikuwa ushindi wa kupendeza kuliko hadithi, na juhudi yake ilistahili kusifiwa. Lakini wasimamizi waliona kwamba alikuwa ametumia mjeledi kupita kiasi kilichoruhusiwa. Walimtoza faini ya pauni 400, wakamzuia kupanda kwa siku 9.

Hapa ndipo swali lote lilipo. Siku 9 kwa mtu wa kulipwa ni siku 9 za chakula, na hofu ya kuzikosa yaweza kuuzuia mkono wake. Kwa mtu ambaye amekwisha shuka katika farasi kwa mara ya mwisho, siku 9 hizo hazina uzito hata wa unyoya. Adhabu iliyokatwa kwa kipimo cha ujira haimfikii asiye na ujira. Haina maana kwamba mtu huyo alidharau sheria. Katika mwisho wa mbio za viunzi 30 damu huchemka, na hata watu wa kulipwa huadhibiwa kwa kosa hilo hilo. Maana yake ni kwamba kamba imshikayo mtu wa kulipwa haimshiki mtu wa ridhaa. Basi kama hakushikwa na kamba hiyo, ni nini kitakachomshika?

Jibu limo katika neno lenyewe. Ridhaa ni kukubali kwa moyo bila ya kulazimishwa. Mpanda farasi wa kulipwa ana ujira na ridhaa yake, kwa kuwa hapana aliyemfunga kamba akampandisha. Mpanda farasi asiyelipwa hana ujira, lakini ridhaa anayo tele. Yuko wa tatu katika mbio ambaye hana hata kimoja katika viwili hivyo, naye ndiye achukuaye uzito wote. Farasi hakutia sahihi mahali popote. Hakulipa ada, hakuomba kibali, wala hakuambiwa urefu wa njia. Katika Grand National ile ile ya mwaka 2022 farasi wawili, Discorama na Eclair Surf, waliumia, na maisha yao yakakoma. Shangwe za washindi zilikuwa za haki, na huzuni ya watunzaji wa farasi wale ilikuwa ya haki. Lakini wawili wale hawakuwa na sehemu katika shangwe wala hawakuulizwa habari ya hatari.

Yuko atakayejibu kwamba farasi hupenda kukimbia. Huenda ni kweli. Walakini kupenda kukimbia si kukubali kupigwa, wala si kukubali kufa. Aidha, mtu wa kulipwa aweza walau kujitetea kwa njaa. Mtu wa ridhaa hana utetezi huo. Yeye alikuja kwa furaha yake, na furaha iliyonunuliwa kwa maumivu ya asiyekubali haiwezi kuitwa safi kwa sababu tu haikulipiwa. Kwa hiyo asiyepokea ujira hana deni dogo kuliko apokeaye; ana deni kubwa zaidi.

Basi mtu ajiungaye na chama cha namna hii na aelewe atendalo. Akidhani kwamba anapata beji, jina la heshima katika karatasi ya mashindano na nafasi ya kuonekana, amenunua kivuli. Kitu atoacho hasa ni ridhaa ya pili. Ridhaa ya kwanza ilikuwa ya kupanda. Ya pili ni ya kuzuiwa. Hukubali kwamba daktari akisema basi, itakuwa basi. Kwamba riziki ya mwenzake itatangulia furaha yake. Na kwamba mkono wake utashuka wakati hapana adhabu iwezayo kumwuma. Wahenga walisema ahadi ni deni. Mtu wa kulipwa hulipa sehemu ya deni hilo kwa hofu ya kukosa mkate. Mtu wa ridhaa hana cha kulilipia ila neno lake, na shahidi wa neno hilo ni mnyama asiyeweza kusema kama lilitimizwa.