Sifa ya Chombo na Haki ya Mpagazi

Watu wa pwani hukisifu chombo kana kwamba kina moyo: jahazi hili jasiri, lile jeuri. Wanamaji wa Uingereza nao wana desturi hiyo. Manowari yao ikipigana vyema huandikiwa sifa za vita, na meli nyingine ikipewa jina lile baadaye huzirithi. Hapo huzuka swali: sifa hizo ni za nani?

Kusini mwa Horohoro, kabla ya kufika Tanga, ipo ghuba ya Manza. Tarehe 14 Aprili 1915 iliingia humo Rubens, meli ya mizigo iliyotoka Ujerumani mwezi Februari ikijifanya ya Denmark kwa jina la Kronborg. Ilichukua makaa ya manowari Königsberg, iliyozingirwa katika delta ya Rufiji, pamoja na bunduki na risasi za jeshi la Lettow-Vorbeck. Nyuma yake ilikuja Hyacinth, manowari ya Kiingereza iliyoshushwa majini mwaka 1898 na kushiriki mapigano ya Illig, pwani ya Somalia, mwaka 1904. Injini yake moja iliharibika katikati ya mbio, Rubens ikapata nafasi. Nahodha Carl Christiansen akaizamisha mwenyewe penye kina kifupi, na sitaha ikawaka moto. Hyacinth ikaipiga mizinga, kisha ikaenda zake ikiamini kazi imekwisha. Kumbe sehemu kubwa ya shehena ilikuwa salama chini ya maji. Ikaopolewa, risasi zilizorowa zikafunguliwa na kukaushwa, na vita vikapata pumzi mpya.

Hyacinth iliuzwa mwaka 1923. Jina lake likapewa manowari nyingine, ndogo zaidi, ambayo mwaka 1942 iliiteka Perla, nyambizi ya Italia. Lakini mzigo wa Manza haukutembea wenyewe kutoka ufukweni. Katika vita vile pande zote mbili ziliwategemea wapagazi. Wengi walichukuliwa kwa nguvu, na makumi ya maelfu walikufa kwa maradhi, njaa na uchovu.

Yaweza kujibiwa kwamba jina la meli husimama badala ya mabaharia wake, na kuisifu Hyacinth ni kuwasifu waliotia makaa katika matanuri yake. Jibu hilo lina haki. Hata hivyo, sifa humstahiki aliyechagua, na chuma hakichagui. Mpagazi aliyekamatwa kijijini naye hakuchagua, wala risasi alizobeba hazikuwa za kumkomboa. Kumwita shujaa wa vita vile ni kumvika vazi asiloliomba. Ila chuma hakiumwi, na mpagazi aliumwa. Deni liko hapo: aliyeumia anadai kutajwa, hata kama hadai kusifiwa.

Dar es Salaam ipo Kariakoo, iliyopata jina lake kutokana na kikosi cha wapagazi wa Waingereza kilichopiga kambi pale. Kila siku watu hulitamka wakinunua vitunguu na vitambaa, na ni wachache wanaowakumbuka waliolilipia.

Mshairi akisimama Manza na kuyatazama maji, aanze na meli akipenda. Beti zake zisiishie ufukweni, masanduku yalipopandishwa mabegani.