Simu Ilipoita Darasani

Tarehe 3 Oktoba 2023 Anne L'Huillier alikuwa anafundisha fizikia chuoni Lund, Sweden. Wakati wa mapumziko akapokea simu: yeye na wenzake wawili wamepata Tuzo ya Nobel, kwa mimweko ya mwanga mifupi mno, inayoweza kufuatilia mwendo wa elektroni. Kazi aliyoianza miaka ya 1980! Basi, akarudi darasani, akamaliza kipindi.

Mimi nilikuwa nafundisha watoto wa kipaimara Handeni. Nikaitwa usaili Korogwe, nikaondoka bila hata kuwaaga. Usaili si dhambi, jamani. Ila Jumamosi iliyofuata mmoja akaniuliza, "Mwalimu, tulikusubiri. Ulienda wapi?" Kazi nilipata. Yeye sijamjibu mpaka leo.