Mgeni Asiyedaiwa

Swali ninalotaka kulitafakari hapa ni jepesi kulitamka na zito kulijibu: mtu anadaiwa nini na nchi anayoishi, ikiwa riziki yake yote inatoka nchi nyingine? Zamani watu wachache sana walihitaji kujiuliza hivyo. Aliyeishi Sikonge alilima Sikonge, akala cha Sikonge, akagombana na watu wa Sikonge, na alipofariki wakamzika hao hao aliogombana nao. Siku hizi mambo yamegeuka. Mpwa wangu, mtoto wa Isevya hapa Tabora, tangu mwaka 2022 anaishi Dubai katika ghorofa ya kumi na tisa, na kazi yake ni kuandika programu za kompyuta kwa ajili ya kampuni iliyoko Ujerumani. Ujerumani kwenyewe hajafika. Dubai hana mwajiri, hana duka, hana mteja. Anakaa tu, kwa kibali cha mwaka mmoja kinachoweza kuhuishwa, ambacho nchi ile ilikianzisha mwaka 2020 kwa watu wa namna yake: uoneshe kwamba mwajiri wako yuko nje, uoneshe bima ya afya na kipato cha mwezi, ambacho sasa kinatakiwa kisipungue dola 3,500, basi karibu. Kodi ya mapato hakatwi hata senti moja.

Siku moja kwenye simu akaniambia, kwa furaha ya kijana aliyefika alikokuwa akikutazamia, "Mjomba, hapa raha yake ni kwamba simdai mtu wala mtu hanidai."

Nilimpongeza, na sikumfanyia mzaha. Lakini neno lile lilibaki nami, kwa sababu sisi watu wa Unyanyembe tumekwisha kulisikia. Lilisemwa katika ardhi yetu wenyewe, na likaleta vita.

Msomaji atakumbuka kwamba kabla Tabora haijaitwa mji, palikuwa na Kazeh, kituo cha misafara ya Waarabu na Waswahili kutoka pwani. Burton na Speke walipofika mwezi wa Novemba 1857 waliwakuta wafanyabiashara wa Kiomani wamekwisha kujenga matembe yao, wana bustani na watumwa, na mmoja wao, Snay bin Amir, aliwakaribisha kwa ukarimu mkubwa. Hebu tuwatazame watu hawa kwa jicho la leo. Walikaa Unyanyembe, lakini hesabu zao zilikuwa Unguja. Mtaji ulikuwa wa Wahindi wa Unguja, watu kama Taria Topan, ambao walikopesha nguo na shanga wakangoja pembe za ndovu. Soko lilikuwa Unguja, na mbele yake Bombay na London na Marekani. Kutoka Bagamoyo hadi Kazeh ni mwendo wa miezi mitatu hivi kwa miguu, kwa hiyo barua iliyotumwa leo ilijibiwa baada ya nusu mwaka. Ukiacha huo ucheleweshaji, sioni tofauti kubwa kati yao na mpwa wangu. Mwili uko huku, daftari liko kule.

Mtemi Fundikira aliwapokea vizuri, na yeye mwenyewe alifaidika na biashara. Baadhi yao wakaingia katika ukoo: baba yake Tippu Tip, Muhammed bin Juma, alimwoa Karunde binti Fundikira. Lakini Fundikira alipofariki, aliyerithi kiti, Manwa Sera, akataka wafanyabiashara walipe ushuru kwa mali inayopita katika nchi yake. Kwa macho yangu hilo halikuwa ombi la kishenzi. Njia nzima ya kutoka pwani ilikuwa na hongo. Wagogo walitoza, wengine walitoza, na kila msafara uliweka kando doti za nguo kwa ajili hiyo. Waarabu wa Kazeh wakakataa. Wakamwondoa Manwa Sera, wakamweka Mkasiwa aliyekuwa mpole kwao, na yule aliyeondolewa akaingia porini akapigana nao hadi alipouawa mwaka 1865. Snay bin Amir, yule mwenyeji mkarimu, aliuawa katika vita hiyo. Baada ya miaka michache akainuka Mirambo wa Urambo, na mwaka 1871 njia ya Ujiji ikafungwa kwa ugomvi wa namna ile ile, wa nani ana haki ya kutoza nini na kumhifadhi nani.

Nimesimulia kwa kirefu kwa sababu wengi wetu hutoa somo la haraka mno hapa. Husema: wageni wale walikuwa na makosa kwa kuwa hawakulipa, kwa hiyo mgeni alipe kodi, mambo yaishe. Kama ni hivyo, mpwa wangu hana kesi. Serikali ya nchi anayokaa haimdai kodi ya mapato. Imemwita yeye na wenzake makusudi, ili wapange nyumba zake, wale katika mikahawa yake na kulipa asilimia 5 ya kodi ya ongezeko la thamani iliyoanza huko mwaka 2018. Manwa Sera aliomba akanyimwa. Huyu wa leo haombi. Deni linawezaje kuwapo pasipo mdai?

Nimelizungusha swali hilo kichwani kwa muda, na naona kosa liko katika kumtafuta mdai mahali pamoja tu, yaani kwenye baraza la mtemi. Waarabu wa Kazeh na wanahistoria wao kwa pamoja hubishana kama mtemi alistahili ushuru. Ni mara chache mtu huuliza juu ya wapagazi. Mali ile haikujileta. Ilibebwa mabegani, mzigo wa ratili sitini au sabini kwa mtu, na wabebaji walikuwa kwa sehemu kubwa Wanyamwezi, babu zetu, waliokwenda pwani wakati wa kiangazi na kujitahidi kurudi mvua ikianza ili wawahi shamba. Na katika matembe na bustani walikuwako watumwa ambao hawakuulizwa chochote. Mtu angeweza kumaliza hesabu yake na mtemi hadi doti ya mwisho, na bado akawa anaishi kwa jasho la watu ambao majina yao hakuyaandika popote.

Sasa tazama Dubai. Raia wa Falme za Kiarabu kwa makadirio ni kama mtu mmoja katika kila watu kumi waishio huko. Waliobaki ni wageni: Wahindi, Wapakistani, Wabangali, Wafilipino, Wanepali, na watu wetu pia, Wakenya, Waganda na Watanzania, wanaolinda milango, wanaosafisha vyoo, wanaoendesha pikipiki za chakula juani. Mpwa wangu anapofungua bomba, anapopanda lifti, anapoagiza pilau saa sita usiku, anahudumiwa na hao. Kwa hiyo aliposema hadaiwi na mtu alikuwa anamfikiria mtawala. Kwa mtawala ni kweli hadaiwi. Kwa mlinzi wa mlangoni sina hakika.

Wapo watakaonijibu kwamba mlinzi analipwa mshahara, na mshahara huo umo ndani ya kodi ya nyumba. Hoja hiyo ina nguvu na siidharau. Mpagazi naye alilipwa nguo zake, tena Wanyamwezi walijua kupatana bei na kugoma walipopunjwa. Lakini malipo hufunga shughuli; hayaunganishi watu. Wazee wetu waliliona hilo, na ndiyo maana juu ya malipo waliweka kitu kingine ambacho hakina bei: utani. Wanyamwezi na Wazaramo walikutana katika njia ile ya misafara kama wageni na wenyeji wenye kila sababu ya kuumizana, na badala ya kuumizana daima wakaweka mpango wa ajabu. Nitakutukana wala hutakasirika. Nitachukua kitu chako mbele ya macho yako. Na siku utakapofia kwangu, mbali na kwenu, nitakuja msibani, nitachekesha waliao, nitashughulika na maziko yako. Mgeni aliyelipa hongo aliruhusiwa kupita. Mgeni mwenye mtani alikuwa na mtu wa kumzika.

Dada yangu, mama wa huyo kijana, hajasoma historia hii. Yeye huniuliza swali moja tu kila mwanawe anapohuisha kibali: "Kaka, akiugua huko nani atamjua?" Niliwahi kumjibu kwamba ana bima nzuri. Aliniangalia kama anavyomwangalia mtoto. Nikaelewa kwamba bima huilipa hospitali, na yeye hakuwa ameuliza habari za hospitali.

Hapo ndipo penye ugumu, wala sitaki kuuficha. Tunasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Lakini kuna nchi ambazo hazitoi jembe. Zinakupa kibali cha mwaka mmoja, na uraia wake ni nadra mno kwa mtu kama yeye. Kumwambia kijana ajifunge kwa nchi iliyokwisha kumwambia kwamba haimfungi ni kumwonea. Nadhani, hata hivyo, nchi inayokunyima jembe haikukatazi kuwa na watani. Serikali haina mamlaka juu ya jambo hilo, na kibali chake hakina sehemu ya kulijaza.

Mwaka jana mlinzi mmoja wa jengo lao, kijana wa Kiganda, alifariki ghafla. Watu wa Afrika Mashariki wakachangishana ili maiti isafirishwe. Mpwa wangu alituma pesa kwa simu, pesa nyingi kuliko wengine, kisha akaitwa aende akasaidie kupanga karatasi za safari, kwa kuwa anajua Kiingereza cha ofisini. Akaenda. Siku mbili alizunguka madirishani pamoja na dereva mmoja wa Kizaramo, mtu wa Kisarawe, ambaye hakuwa amepata kumwona. Katika kungoja foleni wakaulizana makwao. Dereva aliposikia Tabora akacheka sana, akanyoosha mkono, akamvua miwani yake ya jua, ya bei kubwa, akaivaa na kuondoka nayo.

Kijana akanipigia usiku ule ule, amekasirika lakini hana hakika kama ana haki ya kukasirika. "Mjomba, hii ni halali?" Nikamwambia ni halali kabisa, na kwamba Ijumaa aende chumbani kwa yule dereva bila kubisha hodi, atazame jikoni, achukue sufuria kubwa kuliko zote.